Kundi letu la Waislamu na Wakristo linataka kuzuru Zanzibar: tutazame nini, na tuishi vipi na wenyeji?

Mwalimu wa Tororo

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari mjini Tororo, na kwa muda sasa walimu wenzangu nami tumekuwa tukichanga fedha kwa ajili ya safari ya kwenda Zanzibar wakati wa likizo. Kundi letu ni la mchanganyiko: wapo Wakatoliki, Waanglikana, Waislamu, walokole wawili, na mama mmoja Msabato ambaye siku ya Jumamosi hasafiri wala hanunui kitu, jambo ambalo sote tumekubaliana kwamba ratiba italiheshimu.

Sisi tuliokulia mashariki mwa Uganda hatukufundishwa darasani namna ya kuishi na jirani wa dini nyingine. Ng'ombe wa harusi huchinjwa na Mwislamu hata pale ambapo maarusi wote wawili ni Wakristo, ili kila mgeni ale bila wasiwasi, na katika ukoo mmoja utawakuta Yusufu wa msikitini na Yosefu wa kanisani wakilima shamba moja waliloachiwa na babu yao. Lakini hapa kwetu Wakristo ndio wengi, na Waislamu ndio wanaoishi kama wachache. Zanzibar mambo yamegeuka, kwa kuwa karibu wakazi wake wote ni Waislamu, na nimetamani sana wenzangu Wakristo waone maisha ya mahali ambapo wao ndio wachache, na wenzangu Waislamu waone maisha ya mahali ambapo wao ndio wenye nyumba.

Maswali yangu ni haya. Je, utangamano wa dini na tamaduni unaosifiwa kisiwani ni jambo la kila siku, au ni maneno yanayoandikwa kwa ajili ya watalii? Mgeni anayetaka kuuona aende wapi, na lini? Wanawake wetu Wakristo wavaeje, je, tunaruhusiwa kuingia misikitini, na itakuwaje kama likizo yetu itaangukia mwezi wa Ramadhani? Naomba majibu ya watu waliofika au waliosoma kwa kina, maana wenzangu wananitegemea katika mipango hii.

Hajati wa Bombo

Mwalimu, Mungu awape kheri katika nia yenu. Mimi ni Mnubi wa Bombo, mdogo wangu ameolewa Unguja, na kwa sababu hiyo kisiwa kile nimekijua kupitia jikoni na barazani kuliko kupitia hotelini.

Nianze na swali lako la kwanza, kwa kuwa ndilo kubwa. Mji Mkongwe ni mdogo, na mtu mwenye miguu mizima anaweza kuuzunguka kwa asubuhi moja, lakini ndani ya vichochoro hivyo utaona mnara wa msikiti wa Malindi wenye umbo la pia, utaona hekalu la Wahindu pale Hurumzi, misikiti ya Mabohora, jamatkhana, yaani nyumba ya ibada ya Waismailia, minara miwili ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lililojengwa miaka ya 1890, na Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini ambalo mnara wake umesimama jirani kabisa na mnara wa msikiti. UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na sababu mojawapo ilikuwa huu mchanganyiko wa Afrika, Uarabuni, India na Ulaya uliofungamana kwa karne nyingi. Pitieni Hurumzi jua linapoelekea kuzama, mtasikia kengele za hekaluni na adhana ya magharibi zikifuatana, na wapita njia hawageuzi hata shingo kwa sababu wamezisikia tangu utotoni.

Tena Waislamu wa kundi lako wajiandae kujifunza jambo kuhusu dini yao wenyewe. Sisi Waislamu wa Uganda tulio wengi ni Wasunni, na tofauti tunazozijua sana ni zile za uongozi, kati ya kambi mbili za Waislamu, ya Kibuli na ya Kampala Mzee, ambazo zimetuumiza kwa miaka mingi. Unguja utawakuta Wasunni wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi, lakini pia Waibadhi, ambao masultani wenyewe walikuwa miongoni mwao na misikiti yao ya kale haina mapambo, Mashia Ithnaasheri ambao huadhimisha Ashura kwa maombolezo, Mabohora na Waismailia. Mtawala alikuwa Ibadhi na raia wake wengi walikuwa Shafi, na makadhi wa madhehebu yote mawili walihukumu kesi za watu wao. Kwangu mimi, somo hili la Waislamu kuvumiliana wao kwa wao halipungui uzito mbele ya lile la Waislamu na Wakristo.

Hata hivyo, Mwalimu, majengo yatakuonyesha kwamba watu wa dini mbalimbali waliwahi kujenga, na hayatakuonyesha jinsi wanavyoishi leo. Mdogo wangu ana jirani Mkristo aliyetoka Tanzania Bara. Ramadhani ikiingia, nyumbani kwa mdogo wangu hupikwa futari ya muhogo wa nazi, tambi na maandazi, na sahani moja huvuka ua kwenda kwa jirani huyo kila mara kunapopikwa kitu kizuri. Sahani ile hairudi tupu. Krismasi ikifika jirani naye hupika, na kwa kuwa nyama yote inayouzwa sokoni imechinjwa kwa sharti la Kiislamu, hakuna anayeulizana maswali. Mambo haya hayana tiketi ya kiingilio, na hamtayaona msipokaa barazani na kuzungumza na watu, kwa hiyo nawasihi msijaze ratiba yenu kwa fukwe na mashamba ya viungo tangu asubuhi hadi usiku.

Kuhusu mavazi, mabega na magoti yafunikwe mjini na vijijini, kwa wanaume na kwa wanawake. Gomesi la mama zetu linatosha na kuzidi, na leso mbili za kujitanda zitamfaa kila mwanamke, Mwislamu na asiye Mwislamu. Nguo za kuogelea ni za ufukweni tu. Msimpige picha mtu kabla ya kumwomba ruhusa, hasa wanawake na watu wanaosali. Msikitini msiingie kwa sababu tu mlango uko wazi: asiye Mwislamu huomba kwanza, na mara nyingi atakaribishwa kutazama akiwa nje. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, ulio kusini mwa kisiwa, umezoea wageni zaidi, na mkiomba kwa adabu mtaonyeshwa maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kikufi yaliyochongwa ukutani yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Watu wanasali humo hadi leo.

Ramadhani inasogea nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo itazameni kalenda mapema. Mkienda mwezi huo, mjue kwamba migahawa mingi hufungwa mchana na kula au kunywa hadharani ni kosa kubwa machoni pa wenyeji, hata kwa mgeni. Wakristo wenu watakula ndani ya nyumba ya wageni, na hilo si gumu. Kwa upande mwingine, usiku wa Ramadhani mji huamka, watu hutembeleana, na sikukuu ya Idi husherehekewa kwa siku nne, watoto wakijaa viwanja vya Mnazi Mmoja wakiwa na nguo mpya. Pombe inauzwa katika hoteli na baa zenye leseni, lakini asiishike mtu mkononi akitembea nayo mtaani. Nyama ya nguruwe, ambayo kwetu huchomwa hadharani kando ya barabara, isitajwe wala isiulizwe.

Neno la mwisho ni la salamu, na nasema hili kwa mapenzi. Kiswahili chetu cha Uganda kimelelewa kambini na sokoni, na tumezoea kwenda moja kwa moja kwenye hoja. Kule mtu husalimiwa kwa kituo: umtolee mzee shikamoo, umuulize habari za nyumbani, habari za asubuhi, habari za watoto, ndipo uulize njia ya kwenda Forodhani. Mgeni aliyesalimia vizuri hufunguliwa milango ambayo fedha haiwezi kuifungua.

Msomaji wa Namirembe

Hajati amesema mengi na ameyasema vizuri. Mimi ni mzee Mwanglikana, msomaji wa masomo kanisani kwetu, na ningependa Mwalimu aongeze jambo ambalo Waganda wengi husafiri kwenda Zanzibar na kurudi bila kulijua: dini zetu zote mbili kubwa zilipita katika kisiwa kile kabla ya kufika kwetu.

Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim, ambaye alifika katika kasri la Kabaka Suuna wa Pili wa Buganda mwaka 1844 na kumsomea Kurani, alitoka katika njia ya biashara iliyoanzia Zanzibar. Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana waliofika kwa Kabaka Mutesa Juni 1877 walipata wapagazi na vifaa vyao Zanzibar, na Padri Lourdel na Bruda Amans, waliofika Februari 1879, walipitia pwani hiyohiyo. Lakini ambaye moyo wangu umemshika zaidi ni kijana Dallington Maftaa. Alikuwa mtoto aliyekombolewa kutoka utumwani, akasomeshwa katika shule ya misioni ya Kianglikana huko Zanzibar, akasafiri na mpelelezi Stanley, na mwaka 1875 akabaki kwa Mutesa ili kumsomea na kumtafsiria Biblia. Kwa hiyo sauti ya kwanza iliyomfundisha Kabaka Maandiko kwa muda mrefu ilikuwa ya Mwafrika mwenye elimu ya Zanzibar, na lugha ya mafundisho yale ilikuwa hiki Kiswahili ambacho wewe Mwalimu unakifundisha.

Ndiyo maana nakuomba sana mtenge muda wa kutosha Mkunazini. Soko la watumwa la pale lilifungwa Juni 1873, baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba na Waingereza, na Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa kwenye kiwanja kilekile. Altare inasemekana imesimama mahali palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Nyuma ya altare amezikwa Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi na kufanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, na ndani kuna msalaba uliochongwa kutokana na mti ambao chini yake moyo wa Livingstone ulizikwa kule Chitambo. Wenyeji husimulia kwamba saa ya mnarani ilitolewa na Sultani mwenyewe, kwa sharti kwamba mnara usipite urefu wa jumba lake. Simulizi hiyo naipenda, kwa kuwa inamwonyesha mtawala Mwislamu akikubali kanisa lijengwe katikati ya mji wake na wakati huohuo akilinda heshima ya nyumba yake, na Wakristo wakiona sharti hilo ni la haki. Nje, ndani ya shimo, zipo sanamu za watumwa waliofungwa minyororo halisi, kazi ya msanii Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Wakae kimya hapo kwa muda. Waislamu wa kundi lenu wasione kwamba mahali hapo panawashutumu: waliofanya biashara ile, waliofadhili misafara na waliouza watu bara walikuwa wa dini na makabila mengi, na machifu wa Maziwa Makuu hawakukosekana.

Jumapili nendeni ibadani. Wakatoliki wataikuta Misa kwa Mtakatifu Yosefu, parokia ambayo kwa miaka mingi iliwahudumia Wagoa, ndugu za wale waliokuwa makarani na washonaji katika miji yetu ya Entebbe na Kampala. Padri wa kwanza Mkatoliki wa karne ya 19 aliingia kisiwani mwaka 1860, wakati wa Sultani Majid, na akapokelewa.

Mwana wa Lira

Nimesoma majibu haya kwa heshima, na sitaki kumvunja Mwalimu moyo, maana mimi pia naona safari hii ni njema. Lakini aliuliza kama utangamano huo ni wa kila siku, na jibu kamili lazima liwe na kurasa ambazo wazee wangu wawili hawajazifungua.

Alfajiri ya tarehe 12 Januari 1964 serikali ya Zanzibar ilipinduliwa, na aliyejitokeza redioni akijiita Jemadari Mkuu alikuwa John Okello, mtu wa kwetu Lango. Alikuwa ameingia Pemba mwaka 1959 akitafuta maisha, alikuwa Mkristo, na alisema kwamba Mungu ndiye aliyemtuma kupitia ndoto. Katika siku zile watu wengi waliuawa, hasa wenye asili ya Kiarabu na Kihindi, na maelfu wengine wakakimbia wakiacha nyumba na maduka. Baada ya wiki chache Karume na wenzake walimwondoa Okello kisiwani. Ukiwa Mganda, na hasa ukiwa wa Lango kama mimi, huwezi kutembea kati ya milango ile mizuri iliyochongwa bila kujiuliza waliokuwa wakiifungua asubuhi walikwenda wapi. Na sisi tuna jambo letu linalofanana na hilo: mwaka 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka, na mahekalu ya Jinja na Mbale yakabaki bila waumini.

Miaka ya karibuni nayo ina majeraha. Mwaka 2012 makanisa kadhaa yalichomwa moto Unguja. Novemba mwaka huo Shehe Fadhil Soraga, katibu wa Mufti, alimwagiwa tindikali, na Februari 2013 Padri Evarist Mushi alipigwa risasi na kufa asubuhi ya Jumapili akielekea kusalisha Misa. Angalieni kwamba shehe na padri waliumizwa ndani ya miezi michache, jambo linaloonyesha kwamba waliokuwa wakilengwa ni watu wa amani wa pande zote mbili. Uganda pia tumewazika mashehe waliopigwa risasi katika miaka iliyofuata, kwa hiyo sisemi haya kwa kuwanyooshea wenzetu kidole.

Ninachoomba ni kwamba Mwalimu awaeleze wenzake historia hii kabla ya kuondoka Tororo, wala asiingoje wakutane nayo huko. Mgeni anayekwenda akiamini kwamba kuna mahali ambapo watu hawajawahi kugombana hataona kazi kubwa inayofanywa na majirani kama yule wa mdogo wake Hajati. Ataona sahani tu.

Hajati wa Bombo

Mwanangu wa Lira, umesema kweli tupu, na sina hata neno moja la kupinga. Mwaka ule wa 2013 nilikuwa nikizungumza na mdogo wangu kwa simu karibu kila jioni, na wasiwasi wake ulikuwa kwa jirani yake. Aliniambia kwamba wanawake wa mtaa walimwomba mama yule asiende sokoni peke yake, nao wakawa wanamsindikiza kwa zamu, mpaka hali ilipotulia. Hakuna kiongozi aliyewaagiza, na jambo hilo halikuandikwa gazetini.

Naongeza moja kwa Mwalimu: kama likizo yenu itakuwa Julai, ulizieni Mwaka Kogwa wa Makunduchi. Ni sherehe ya mwaka mpya yenye asili ya Kishirazi, iliyokuja na watu waliohusishwa na Uajemi, na wanakijiji wote ni Waislamu, lakini ndani yake kuna mambo ya kale kuliko misikiti yao: wanaume hupigana kwa migomba ili kumaliza kinyongo cha mwaka uliopita, wanawake huimba, na kibanda cha makuti huchomwa moto. Mila yao inamtaka kila mtu awe na mgeni wa kula naye siku hiyo, na ninyi mtakuwa wageni hasa. Mama yenu Msabato na walokole wasipopenda kushiriki, wakae pembeni tu, hakuna atakayewalazimisha. Kuna Waislamu wa mjini nao ambao hawaipendi mila hiyo, na bado wanaishi na ndugu zao wa Makunduchi bila ugomvi.

Mkazi wa Bugala

Mimi nakaa Kalangala, katika visiwa vyetu vya Ssese. Nimeona niseme kwa ajili ya wale ambao fedha za kufika bahari hazitoshi. Visiwa vyetu ni 84, viko karibu kabisa na ikweta, na kivuko kinatoka Nakiwogo, Entebbe, au Bukakata upande wa Masaka, ambako mtu huvuka hadi Luku. Tangu mashamba ya michikichi yaanzishwe Bugala, watu wamekuja kutoka pande zote za Uganda na nchi jirani, na kwenye mialo ya wavuvi utasikia Luganda, Kinyarwanda na Kiswahili ndani ya mtumbwi mmoja. Makanisa na misikiti ya mbao imesimama kando kwa kando. Tena kisiwa cha Bubembe ndicho makao ya kale ya Mukasa, ambaye Waganda wa jadi walimheshimu kama mwenye ziwa, na wapo wanaokwenda huko hadi leo wakiwa na maombi yao. Hicho ni kipande cha imani ambacho wasomi wetu huwa wanakiruka wanapozungumza juu ya dini. Kama walimu wengine hawatamudu Zanzibar, Mwalimu awalete huku nasi tutawapokea.

Mwalimu wa Tororo

Wazee wangu na ndugu zangu, ahsanteni mno. Nimeyachapisha majibu yote na kuyasoma mbele ya wenzangu katika chumba cha walimu, na mazungumzo yaliyofuata yalikuwa marefu kuliko vikao vyetu vyote vya bajeti. Mwenzetu mmoja ambaye baba yake alipewa duka la Mhindi mwaka 1972 alizungumza kwa mara ya kwanza juu ya jambo hilo, na hatukumkatiza.

Tumekubaliana yafuatayo. Hatutakwenda Ramadhani, kwa kuwa kundi ni kubwa na tusingependa kuwa mzigo kwa wenyeji wakati wa mfungo. Tumechagua Julai, ili ikiwezekana tufike Makunduchi. Tutapita Malaba, Nairobi na Namanga kwa basi hadi Dar es Salaam, kisha tutavuka kwa boti ya muda wa saa mbili hivi, na kila mmoja ameagizwa awe na pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano mapema. Ijumaa mchana itakuwa huru kwa ajili ya sala, na wasio Waislamu watapumzika. Jumamosi hatutakuwa na matembezi yoyote, na jioni yake, baada ya jua kuzama, tutakwenda pamoja na mama yetu Forodhani kula mishkaki na urojo. Jumapili ni ya makanisa, na walimu wetu Waislamu wameomba wenyewe kuja Mkunazini baada ya ibada ili watembezwe na wenzao.

Nina ombi moja kwa Hajati. Walimu wawili wanawake wamesema kwamba wangependa, badala ya kulala wote katika nyumba ya wageni, wapate japo alasiri moja ya kupika na kukaa na familia ya kawaida. Je, ni adabu kuomba jambo kama hilo, na tukikubaliwa tubebe nini mkononi?

Hajati wa Bombo

Ni adabu, mkiomba mapema na kupitia mtu anayewajua. Nimeshazungumza na mdogo wangu naye amefurahi, ila anasema waje kabla ya alasiri, kwa sababu nazi zinakunwa kwa mkono na anataka wageni wake wazikune. Msibebe soda wala biskuti za dukani. Leteni kahawa ya Bugisu iliyokwisha kukaangwa na njugu za Tororo, na mlete kilo mbili mbili, maana jirani yake naye atakuwepo.